Lori Linaloganda Dakika ya Ishirini

Bangwe, 14 Januari 2025

Mwalimu Patrick,

Salamu. Sisi wazima, na natumaini huko Kalya mvua haijawang'olea mabati ya shule.

Barua ya posa iliyoletwa na baba yako mdogo tuliipokea tarehe nne. Bado haijajibiwa. Mzee Leonardi amesema uamuzi wa binti yetu Winfrida ananiachia mimi, kwa hiyo nimeiweka kabatini, naisoma na kutafakari. Hili ninalokuandikia leo halihusiani kabisa na hilo.

Ni kuhusu kompyuta. Unaikumbuka, ile aliyoninunulia Winfrida nilipostaafu ualimu mkuu, ili niandikie mihtasari ya kikundi cha akina mama wa kigango. Mihtasari naandika. Lakini fundi aliyeiuza aliacha ndani yake gemu la kuendesha malori. Siku moja nikalifungua kwa bahati mbaya, na tangu siku hiyo nalifungua kwa makusudi. Sasa nina leseni, nina lori jekundu lenye tela, na nimepewa shehena ya kabichi za kupeleka mji wa mbali, kupita milima yenye theluji. Safari nzima ni dakika sabini. Nikifika dakika ya ishirini tu, kioo kinaganda. Lori linasimama, mvua inasimama hewani, injini inarudia sauti ileile, na nikizima na kuwasha narudishwa nilikotoka. Mara kumi na moja sasa.

Mzee Leonardi, kama ujuavyo, aliendesha malori ya kweli kwenda Tabora miaka ishirini na sita. Anakaa nyuma yangu na gazeti lake na kusema, "Dereva kalala huyo." Nataka kuzifikisha kabichi zile mbele ya macho yake.

Kwa simu siwezi kukueleza. Kwanza huko kwenu mtandao mpaka mtu apande kilima. Pili, si adabu mimi na wewe kupiga soga kwenye simu kabla mambo hayajakaa sawa. Barua hii atakuletea Bariki, karani wa boti. Mpe majibu arudi nayo.

Mwalimu Klementina


Kalya, 19 Januari 2025

Mheshimiwa Mama,

Shikamoo. Naomba unifikishie shikamoo nyingine kwa Mzee.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Nimefarijika sana kusikia kwamba halihusiani na lile jambo lingine, ambalo nami silitaji.

Mama, kwa ruhusa yako, nieleze kidogo. Gemu hilo huchora picha upya mara nyingi ndani ya sekunde moja: lori, barabara, mvua, kila jani. Na kila kitu kikichorwa, kivuli chake nacho kinachorwa. Kompyuta yako ni ya kazi za ofisi, haikuzoea suluba hiyo. Ikikupendeza, kabla hujawasha lori, ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya picha, utafute vivuli, uvizime. Pale penye taswira za kwenye vioo na maji, weka kiwango cha chini kabisa. Kisha hifadhi, utoke, uanze safari.

Kama nimekosea popote, naomba radhi mapema.

Wako katika heshima,
Patrick


Bangwe, 28 Januari 2025

Mwalimu Patrick,

Nimezima vivuli kama ulivyoagiza. Gemu limefika dakika ya thelathini na moja ndipo likaganda. Katika safari ya dakika sabini, hiyo ni alama arobaini na nne kwa mia. Umefaulu kwa shida.

Lakini lori langu sasa halina kivuli. Linakwenda juu ya lami bila kuigusa. Mzee Leonardi ameliangalia, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena, akasema, "Mama Winfrida, kitu kisicho na kivuli mimi nikikutana nacho njiani nageuza gari." Tangu hapo kila nikiwasha kompyuta anafanya ishara ya msalaba, na anafanya kwa makusudi ili nimwone.

Lete dawa nyingine.

Mwalimu Klementina


Kalya, 2 Februari 2025

Mheshimiwa Mama,

Shikamoo. Pole sana kwa kivuli.

Tuongeze hatua moja. Palepale kwenye sehemu ya picha kuna ukubwa wa picha, ushushe ngazi mbili. Kuna pia umbali wa kuona, yaani miti na nyumba zianze kuchorwa kutoka mbali kiasi gani. Uweke karibu. Kompyuta itapumzika.

Ningependa kusema mengi zaidi, lakini naona Bariki anakunja turubai.

Wako katika heshima,
Patrick


Kalya, 2 Februari 2025

Winfrida wangu,

Hii nampa Bariki aiweke kwenye basi la Kasulu. Nina balaa na mama yako, na balaa lenyewe nimelitengeneza mwenyewe.

Unajua ile kompyuta inavyokaa pale sebuleni. Krismasi nilipokaribishwa kiti, kitu cha kwanza kukiona ni kitambaa. Cha kroshia, cheupe, chenye tausi wanne. Kimelifunika boksi lile la kompyuta kutoka juu mpaka miguuni, mbele na nyuma, na juu yake pamewekwa chombo cha maua ya plastiki. Winfrida, ile mashine ina matundu ya hewa mgongoni na utosini. Inapumulia ndani ya shuka. Ikichemka inaganda. Dawa yake ni kuvua kitambaa, kazi ya sekunde tatu.

Sasa niambie, nitamwandikiaje mkwe kwamba kitambaa chake ndicho kinachoua mashine? Kwetu mkwe hakosolewi, hata akikukanyaga unamwomba radhi. Na huyu bado hata hajawa mkwe, barua yetu iko kabatini kwake! Kwa hiyo nimeamua kumpunguzia picha kidogo kidogo, mashine isichoke sana, mpaka afike na kabichi zake. Ni uoga, najua. Nishauri.

Patrick wako


Kasulu, 12 Februari 2025

Patrick,

Nimecheka mpaka muuguzi mwenzangu kaja kuuliza kama naumwa. Yaani umemzimia mama vivuli!

Sikiliza. Kitambaa kile alikifuma Kwaresima nzima ya mwaka jana, akirudi kanisani anakaa nacho mpaka giza. Shangazi Eufrasia alikuja kutoka Simbo, akakiangalia, akasema tausi mmoja amekaa kama bata. Basi! Shangazi hajakanyaga Bangwe tangu Julai. Mimi mwenyewe nikienda nyumbani nakiona pale, najua kabisa kinaichemsha kompyuta niliyoinunua kwa jasho langu, nanyamaza. Sasa unaniuliza mimi? Wewe ndiye mwalimu wa fizikia, pambana na hali yako.

Ila usizubae, babu. Mama akisema hapana, baba hapindui. Na mimi nakutaka wewe, sitaki kuanza kuzoeana na mtu mwingine.

Winnie


Bangwe, 18 Februari 2025

Mwalimu Patrick,

Dakika arobaini na tisa. Alama sabini. Ningekupongeza, lakini nisikilize kwanza.

Ulisema niweke umbali wa kuona uwe karibu. Sasa miti inaota mbele yangu. Naendesha kwenye uwanda mtupu, ghafla, pu, mvule huu hapa! Nimeshika breki mara nyingi mpaka kiganja kinauma, na breki zenyewe ni kitufe. Magari mengine yamekuwa kama vipande vya sabuni ya mche. Na vibao vya barabarani havisomeki, maandishi yamekuwa ukungu. Kwenye njia panda ya milimani nikakisia kushoto. Nikakisia vibaya. Lori liliganda nikiwa nchi nyingine kabisa, na kabichi za watu.

Mzee Leonardi amecheka mpaka akatoka nje. Nimemsikia akimsimulia jirani ng'ambo ya ua.

Mimi sikuingia kwenye gemu hili ili nifike tu. Nilikuwa napenda kuona jua likizama kwenye vioo vya lori. Nilikuwa nasimama kando ya barabara kutazama theluji, kitu ambacho sitakiona kwa macho yangu. Sasa theluji ni unga wa muhogo uliomwagika. Je, hakuna njia ya kufika bila kunyang'anywa kila kitu njiani?

Mwalimu Klementina


Kalya, 23 Februari 2025

Mheshimiwa Mama,

Shikamoo. Barua yako imeniumiza, hasa pale kwenye theluji.

Nimefikiri sana. Naomba safari hii tusiguse tena mipangilio. Niseme tu jambo la jumla, lisilomlenga mtu wala kitu chochote: kompyuta, kama binadamu, hupenda hewa. Ikipata upepo wa kutosha, hufanya kazi kwa raha. Penye hewa, pana afya. Naamini Mama utaelewa kwa hekima yako, na sina haja ya kufafanua.

Wako katika heshima kubwa,
Patrick


Bangwe, 5 Machi 2025, Jumatano ya Majivu

Mwalimu Patrick,

Nimeelewa. Hewa. Nimewaita vijana wawili wa jirani, wakahamisha meza nzima mpaka dirishani, upande wa ziwa, mahali upepo unapoingia toka asubuhi. Lakini dirisha lile liko juu ya barabara, na pikipiki zikipita vumbi linaingia lote. Siwezi kuacha mashine iingiwe na vumbi. Kwa hiyo nimechukua kitambaa cha pili, kile kizito cha meza ya wageni, nikakiweka juu ya kile cha tausi, nikakibana na pini pande zote ili upepo usikipeperushe.

Dakika tisa.

Dakika tisa, Mwalimu Patrick! Alama kumi na tatu. Sijamaliza hata kutoka mjini, boksi likaanza kulia kama birika, kioo kikawa cheusi, na kompyuta ikazimika yenyewe. Nimeigusa, ni ya moto kama sufuria.

Sasa nikuulize, na unijibu. Nimefundisha miaka thelathini na nne. Mtoto asiyejua jibu huniangalia machoni, ananihurumia mimi niliyemuuliza. Mtoto anayejua na anaogopa kusema, huangalia chini. Barua zako zote zinaangalia chini. "Jambo la jumla lisilomlenga mtu" ndiyo lugha gani hiyo?

Kuna kitu unakijua na hukisemi? Kama kipo, kiseme, kiwe kichungu namna gani. Nami nitasema wazi pia: nilikudanganya niliposema kwamba hili halihusiani na posa. Linahusiana sana sasa.

Mwalimu Klementina


Kalya, 10 Machi 2025

Mama,

Shikamoo.

Ni kitambaa.

Kompyuta ina feni ndani, na feni inatoa joto kupitia matundu ya nyuma na ya juu. Kitambaa kimeyaziba. Joto likikosa pa kutokea, mashine inajigandisha ili isiungue. Kila nilipokuambia upunguze kitu, kazi ilipungua kidogo, na joto likachelewa kidogo, ndiyo maana dakika ziliongezeka. Lakini vivuli havikuwa na kosa, wala miti, wala vibao. Ulipoongeza kitambaa cha pili, ulimalizia kazi niliyoianza mimi kwa kuzungukazunguka.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Nilikiona Krismasi. Nilinyamaza kwa sababu ni kazi ya mikono yako, na kwa sababu niliogopa kwamba nikikukosoa utaninyima Winfrida. Nimekupotezea miezi miwili, na nimekunyang'anya theluji yako nikijua. Heshima ya namna hiyo haina maana, naona sasa, nami naona aibu.

Tafadhali ondoa vitambaa vyote viwili, uiache mashine ipoe nusu siku, kisha urudishe mipangilio yote kama ilivyokuwa. Vivuli, vioo, miti ya mbali, vyote. Vibao utavisoma.

Posa iko mikononi mwako. Mimi sina cha kujitetea.

Patrick


Kalya, 30 Machi 2025

Winfrida wangu,

Boti tatu zimekuja, zote bila barua. Kila Alhamisi nashuka mwaloni, pale boti zinapotia nanga, kabla wanafunzi hawajaamka, na kila Alhamisi Bariki anatikisa kichwa akiwa bado mbali, ili nisipate tabu ya kusubiri. Jana mwanafunzi aliniuliza joto husafirije, nikamchorea kitambaa ubaoni.

Nilimwambia ukweli. Sijutii, lakini usiku silali. Kama kuna habari nyumbani, nipe, hata kama ni mbaya.

Patrick wako


Bangwe, 9 Aprili 2025

Patrick,

Siku mbili za kwanza sikukuandikia kwa sababu ya hasira. Sikukasirika juu ya kitambaa. Nilikasirika kwamba miezi miwili mtu mzima mwenye digrii alikaa akinitazama nikihangaika.

Siku zilizobaki sikukuandikia kwa sababu nilikuwa barabarani.

Nimefikisha kabichi. Nimefikisha mbao, nimefikisha maziwa, na majuzi nimefikisha boti nzima juu ya tela. Saa tatu mfululizo bila kuganda! Vivuli vimerudi, theluji ni theluji, na jana nilisimama juu ya mlima nikakaa dakika nne nikitazama taa za mji zikiwaka chini. Nilifurahi hasa, Patrick, sijui niseme vipi. Mzee Leonardi akasema sogea nikuonyeshe kazi. Nikasogea. Mita mia mbili, akaliingiza lori mtaroni. Anadai usukani wa kweli haufanani na ule. Sijamsimulia jirani bado, naitafuta nafasi nzuri.

Sasa nikuambie kwa nini nilikubana vile. Mwaka wangu wa tatu wa ualimu mkuu niliongoza kikao cha wazazi nimevaa sketi nje ndani. Mishono yote nje, lebo inaning'inia kiunoni. Nilisimama mbele ya wazazi mia mbili, nikawahutubia juu ya unadhifu wa watoto. Walimu wangu kumi na wanne walikuwa wameketi nyuma yangu, wote wameona, na hakuna hata mmoja aliyeninong'oneza. Nilikuja kujua nyumbani, navua. Kesho yake nikawauliza kwa nini. Wakasema, "Mwalimu Mkuu, tulikuheshimu." Nililia siku ile. Ukiwa mtu wa kuogopwa, watu wanakuacha utembee hivyohivyo. Sikutaka binti yangu aolewe na mwalimu wa kumi na tano.

Halafu nikasoma barua yako ya "Ni kitambaa". Maneno mawili, yamekaa mstari wao peke yao. Nikajua ilikugharimu.

Lakini kabla sijaijibu posa, zamu yangu kuvua kitambaa. Ile migebuka ya mawese, samaki wetu wa ziwani, uliyokula hapa Krismasi, ukasimama mbele ya wazee ukasema Winfrida ana mkono wa kupika, haikupikwa na Winfrida. Ya Winfrida iliungua asubuhi, sufuria na yote, tukaitupa. Uliyokula alipika Mzee Leonardi, amejifunga khanga yangu, nami nililinda mlango wa jikoni ili msiingie. Binti yangu hajui kupika. Wali wake unatafunwa kama kokoto. Sote watatu tulikaa tukakutazama unasifu, tukanyamaza, kwa sababu ileile iliyokunyamazisha wewe. Nilikutaka uwe wetu, nikaogopa.

Sasa umejua. Kama bado unamtaka, posa imekubaliwa, na uje mwenyewe uchukue jibu la mkono kabla ya Pasaka. Kama unataka muda wa kutafakari, chukua, nami sitaona vibaya. Mimi nilikuweka miezi mitatu.

Na nina sharti moja tu katika nyumba hii kuanzia leo. Usinifiche kitu.

Mama yako,
Klementina


Kalya, 13 Aprili 2025

Mama mkwe,

Shikamoo.

Nakuandikia nimekaa juu ya gunia la dagaa hapa mwaloni. Boti ya mizigo imepita leo nje ya ratiba, na Bariki ananishikia injini, abiria wote wananipigia kelele. Sihitaji muda wa kutafakari. Namtaka Winfrida, na wali wake wa kokoto. Nakuja na boti ya Alhamisi Kuu, na baba yangu mdogo.

Nimesoma sharti lako na nimelikubali. Basi naanza leo. Ile migebuka ya Krismasi ilikuwa na chumvi nyingi mno. Nilimaliza sahani mbili kwa woga, na usiku ule nilikunywa maji ya mtungi mzima. Mfikishie Mzee salamu zangu, na umwambie hivyohivyo.

Mwanao,
Patrick